Tom Mboya: Kijana wa Yunioni na Makuli wa Kilindini



Ukimtajia Tom Mboya kijana wa Likoni, Kisauni au Changamwe, atakwambia ni jina la barabara. Nairobi ipo, na hapa kwetu pia ipo, kule Tudor. Mwengine atakumbuka somo la historia na kukwambia ni yule waziri aliyepigwa risasi mchana kweupe. Yote hayo ni kweli. Lakini ni wachache wanaojua kwamba kabla hajawa waziri, kabla hata hajawa mbunge, kijana huyu aliteremka hapa Mombasa akiwa na umri wa miaka 24, akasimama mbele ya maelfu ya makuli waliokuwa wamegoma, na walimsikiliza.

Utauliza, sasa sisi na Mboya tuna nini? Hakuwa mtu wa Pwani wala hakuwa Muislamu. Alikuwa Mjaluo na Mkatoliki. Jibu ni kwamba kisa chake kimeshikana na kisa cha babu zetu. Mshahara waliolishia watoto wao ulipita mkononi mwake. Na sheria zilizokuja baadaye kuwafunga midomo hao hao babu zetu, pia zilipita mkononi mwake. Ndiyo maana inafaa tumsome kwa pande zote mbili.

KUVUKA FERI KUTAFUTA SIKU

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Bandari ya Kilindini zamani haikuwa na makontena wala kreni hizi unazoziona kutoka Likoni zimesimama kama twiga. Gunia la kahawa lilibebwa na mgongo wa mtu. Saruji ilibebwa na mtu. Kulikuwa na makuli wa melini, waliopakia na kupakua ndani ya tumbo la meli, na kulikuwa na wale wa nchi kavu, waliopokea mzigo gatini na kuupeleka ghalani. Kampuni zilikuwa za Wazungu, na wengi wa makuli walikuwa vibarua wa siku. Ukija asubuhi ukachaguliwa, umepata. Usipochaguliwa, unarudi nyumbani mikono mitupu.

Mtu wa Likoni alivuka kwa feri, iliyoanza mwaka 1937. Wa Kisauni alipita daraja la Nyali, lile la zamani lililokuwa likielea juu ya maji. Wa Changamwe alipita Makupa. Wengine walitoka mbali zaidi, Kwale na Kilifi, na wengine walikuwa wageni kutoka bara, Wajaluo, Wakamba, Wakikuyu, bila kuwasahau watu wa Hadhramaut.

Sasa hapa pana jambo ambalo vitabu vya shule havilielezi vizuri. Wazungu wa bandarini walisema kibarua wa Pwani ni mvivu, ati anafanya kazi siku chache kisha anapotea. Uvivu gani huo? Mdigo aliyekuwa na minazi na shamba la muhogo ng'ambo ya Likoni alifanya kazi siku zake kumi au kumi na tano, akapata fedha ya kodi na nguo, akarudi kulima. Hakuwa mtumwa wa kampuni. Msimu wa kilimo ukifika, yuko shambani. Akiwa na maziko au harusi, hamuombi mtu ruhusa. Mwezi wa Ramadhani, akijiona hawezi kubeba magunia juani na huku amefunga, aliweza kuchagua siku zake. Ule ukibarua ulikuwa na njaa yake, naam, lakini ulikuwa pia na uhuru wake. Serikali ya kikoloni haikuupenda uhuru huo. Kuanzia miaka ya 1940 ikaanza kuwaandikisha vibarua na kuwapa namba, na aliyekosa kufika siku za kutosha alijihatarisha kufutwa.

MGOMO WA 1947 NA CHEGE KIBACHIA

Mboya hakuwa wa kwanza. Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ilisimama. Si makuli peke yao. Wa reli waligoma, wa mahoteli waligoma, hata wapishi na maboi wa majumba ya Wazungu waliziacha sufuria. Watu karibu 15,000 waliacha kazi kwa siku kumi na mbili hivi. Vita Kuu vya Pili vilikuwa vimekwisha, bei za vitu zilikuwa zimepanda, kodi za vyumba zilikuwa hazishikiki, na mishahara ilikuwa pale pale. Walikutana uwanjani, wakaupa uwanja huo jina la Kiwanja cha Maskini. Jina hilo peke yake ni hotuba.

Katika mgomo huo alitokeza Chege Kibachia, kijana msomi wa Kiambu aliyesoma Alliance, akafanya kazi hapa mjini. Akakiongoza chama kilichowakusanya wafanyakazi wa kila aina bila kujali kabila wala dini. Serikali iliunda baraza la kuchunguza mishahara, na watu wakaongezwa fedha. Lakini mwezi wa Agosti mwaka huo huo Kibachia alikamatwa na kupelekwa Kabarnet, huko Baringo, akawekwa kizuizini miaka karibu kumi. Chama chake kikavunjika nguvu.

Kumbuka hayo, msomaji, kwa sababu Mboya naye aliyakumbuka. Alijua Mombasa inaweza kusimamisha nchi nzima, na alijua pia linalompata kiongozi anayekwenda mbio kuliko serikali inavyoweza kustahimili.

MTOTO WA MNYAPARA

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, kwenye shamba la mkonge la Mzungu. Baba yake, Leonardus Ndiege, alitoka kisiwa cha Rusinga katika ziwa Viktoria, na pale shambani alikuwa mnyapara. Mtoto wa mnyapara ndiye aliyekuja kuwa mtetezi wa wafanyakazi. Wallahi dunia ina mambo.

Kwa kuwa alikulia Ukambani, Mboya alizungumza Kikamba na Kiswahili tangu utotoni. Kiswahili hicho kilikuja kumfaa sana. Kiongozi wa yunioni anayehitaji mkalimani mbele ya wafanyakazi wake huwa amekwisha kushindwa nusu.

Alisoma shule za misheni, Yala kisha Mang'u, lakini fedha za kuendelea zikakosekana. Akaenda Kabete kusomea ukaguzi wa afya, na mwaka 1951 akaajiriwa na baraza la mji wa Nairobi. Mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu tu ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Mboya mwenyewe alikuwa akisimulia kisa cha mama mmoja wa Kizungu aliyeingia ofisini, akamkuta yeye amekaa pale kazini, kisha akauliza kama kuna mtu humo ndani.

Akaanza na chama cha wafanyakazi wenzake wa baraza. Mwaka 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau, na vyama vya siasa vya Waafrika vikafungiwa. Viongozi wakubwa walikuwa jela. Mahali pekee Mwafrika alipoweza kusimama na kusema jambo la maana palikuwa kwenye yunioni. Mwaka 1953 Mboya akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Kenya. Alikuwa na miaka 23. Vijana wetu wengi wa umri huo bado wanaambiwa na wazee, "ngojea kwanza, wewe mtoto."

MACHI 1955

Mapema mwezi wa Machi 1955, kwa hesabu yetu ilikuwa Rajab, makuli wa Kilindini waligoma. Yunioni yao wakati huo ilikuwa bado changa, na mgomo ulitoka chini zaidi kuliko juu. Meli zikangoja. Kwa serikali hili lilikuwa jambo zito, maana nchi ilikuwa katika hali ya hatari, na kila kitu, kuanzia risasi za askari hadi mafuta ya magari yao, kilipita hapa. Uganda pia ilitegemea gati zetu.

Mboya akaja kutoka Nairobi. Weka picha hiyo akilini. Kijana mgeni, si kuli, mikono yake haijawahi kushika ndoana ya magunia, anasimama mbele ya watu wazima wenye mabega mapana. Aliwaambia nini? Hakuwaambia wagome mpaka waajiri wapige magoti. Aliwaomba warudi kazini, na madai yao yapelekwe mbele ya baraza la usuluhishi, ambako yeye mwenyewe angesimama kuyatetea.

Lingeweza kuwa ombi la kupigiwa kelele. Makuli wangeweza kumwambia, umetumwa na Wazungu. Lakini walirudi kazini, na Mboya akatimiza ahadi. Alikwenda mbele ya baraza na hesabu zake mkononi: mchele bei gani, chumba bei gani, nguo bei gani, na mtu mwenye mke na watoto anabakiwa na nini. Uamuzi ulipotoka, mishahara ilipandishwa kwa karibu thuluthi moja. Kwa aliyekuwa akipata shilingi tatu, ni kama sasa anapata nne. Kwa wakati ule haikuwa nyongeza ndogo.

Sisi Waislamu tunalifahamu suala la ujira wa mfanyakazi na jasho lake, hatuhitaji kufundishwa na mtu wa nje. Lakini hapa naomba tuwe wakweli. Waliolipata jambo hili si wale waliokaa wakisubiri tajiri akumbuke haki. Walioacha kazi ndio waliolipata, wakishirikiana na mtu aliyejua kupiga hesabu na kuzungumza.

Ushindi huo ndio uliomfanya Mboya kuwa Mboya. Jina lake lilitoka Kenya nzima na likafika Uingereza. Mwaka ule ule akaenda kusoma chuo cha Ruskin, Oxford, mwaka mmoja. Kwa hiyo nikisema Mombasa ilimzaa kisiasa, sidhani natia chumvi.

Pale bandarini nako mambo yakabadilika. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 ukibarua wa siku ulikuwa umepunguzwa sana na makuli wengi wakawa wa mwezi. Mshahara wa uhakika ulikuja na masharti ya uhakika. Yule mzee wa Likoni aliyezoea siku zake bandarini na siku zake shambani alilazimika kuchagua, ama awe kuli ama awe mkulima. Wako waliochagua shamba, na nafasi zao zikachukuliwa na waliokuwa tayari kukaa. Ukisikia malalamiko ya wazee kwamba kazi za bandari zilitutoka mikononi, sehemu ya mzizi wake iko hapa, na haikuanza juzi.

KUTOKA YUNIONI HADI BUNGENI

Machi 1957 Waafrika walichagua wajumbe wao wa kwanza kuingia baraza la kutunga sheria, wanane tu kwa nchi nzima. Mboya alishinda Nairobi. Pwani tulimpeleka Ronald Ngala. Disemba 1958 Mboya aliongoza mkutano mkubwa wa watu wa Afrika huko Accra, akiwa na miaka 28. Mwaka uliofuata akapeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja, na mamia wakafuata baadaye. Mwaka 1960 akawa katibu mkuu wa KANU. Mambo haya yameandikwa sana kwengine, sina haja ya kuyarefusha.

Linalotuhusu zaidi ni hili. Hapa Pwani wengi wa wazee wetu hawakuwa KANU. Wako waliotaka Mwambao ujitawale, na wako waliokuwa na Ngala katika KADU wakitaka majimbo. Mboya alikuwa upande wa pili, tena mstari wa mbele. Uhuru ulikuja Disemba 1963 na katiba ya majimbo, na mwaka mmoja baadaye majimbo yakafutwa. Waziri wa sheria na mambo ya katiba aliyeisimamia kazi hiyo alikuwa Tom Mboya. Kwa hiyo mzee mmoja wa Changamwe aliweza kumshukuru Mboya kwa mshahara wake na kumlaani kwa majimbo yake, na katika yote mawili asiwe mwongo.

Mwaka 1965, akiwa waziri wa mipango ya uchumi, ilitoka karatasi namba 10 ya serikali juu ya ujamaa wa Kiafrika. Ndani yake mlikuwa na shauri kwamba fedha za maendeleo zielekezwe zaidi mahali penye ardhi nzuri, mvua na barabara, ambako zitazaa haraka. Isome sentensi hiyo ukiwa umesimama Kinango, kisha uniambie inasemaje.

MWAKA 1965 NA MLANGO WA YUNIONI

Sasa turudi kwa wafanyakazi. Mwaka 1962, akiwa waziri wa kazi, Mboya aliwakutanisha waajiri, yunioni na serikali wakatia saini mkataba wa kumaliza ugomvi kwa mazungumzo. Ulikuwa ule ule mtindo wake wa Kilindini: rudini kazini, tuzungumze. Lakini Machi 1955 makuli walikubali kurudi kwa hiari yao, na wangeweza kukataa. Sheria ya migogoro ya kazi ya 1965 ilifanya kugoma kihalali kuwe safari ndefu ya kutoa notisi na kumngojea waziri.

Wakati huo yunioni zilikuwa zimegawanyika. Upande mmoja ulikuwa shirikisho la zamani alilolilea Mboya, lililopata misaada ya Wamarekani. Upande wa pili ulikuwa karibu na Oginga Odinga na ulipata marafiki Mashariki. Katika huo wa pili alikuwamo Denis Akumu, katibu mkuu wa yunioni ya makuli hapa Mombasa tangu mwaka 1958, Mjaluo kama Mboya lakini hawakuwa njia moja. Agosti 1965 pande hizo mbili zilipigana hapa hapa Mombasa na watu watatu wakafa. Wafanyakazi wakauana wao kwa wao kwa ugomvi ambao nusu yake ulitoka Washington na Moscow. Hili hatulisimulii sana, labda kwa aibu.

Rais Kenyatta akaunda kamati ya mawaziri, Mboya akiwamo. Mashirikisho yote mawili yakavunjwa, likaundwa moja, COTU. Na hapo ndipo penye jambo ninalotaka ulishike. Katibu mkuu wa COTU hakuwa akichaguliwa na wafanyakazi moja kwa moja. Yalipelekwa majina matatu kwa Rais, naye akachagua mmoja.

Mboya alipokuja Kilindini, hapakuwa na gavana aliyepelekewa majina matatu ili achague jina la Mboya. Ndiyo maana makuli walimwamini. Lau mwaka 1955 ungekuwapo utaratibu wa mwaka 1965, sidhani kijana yule wa miaka 24 angepata nafasi ya kusimama mahali popote.

Wako wanaomtetea. Wanasema nchi ilikuwa changa, watu walikuwa wamekufa, na yunioni zilizogawanyika hazimfai mfanyakazi. Hoja hizo zina uzito, na ukiangalia nchi jirani, Tanganyika ilikwenda mbali zaidi, ikazivunja yunioni mwaka 1964 na kuunda moja chini ya serikali. Mimi nakubali sababu ya kuunganisha. Ile ya kumpa Rais kalamu ya kuchagua kiongozi wa wafanyakazi, bado sijaipata.

WALIOFUATA

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, Mboya alitoka duka la dawa katika barabara ya Government, Nairobi, ambayo leo ni Moi Avenue. Akapigwa risasi. Alikuwa hajatimiza miaka 39. Aliyeshitakiwa, Nahashon Njenga Njoroge, alihukumiwa kunyongwa, lakini swali la nani alimtuma limebaki kuzungumzwa mpaka leo. Mboya alizikwa Rusinga.

Mwaka huo huo Denis Akumu, yule wa yunioni ya makuli, akawa katibu mkuu wa COTU na pia mbunge wa Nyakach. Na aliyempokea Akumu katika COTU miaka ya 1970 alikuwa mtu wetu, Juma Boy, Mdigo wa Kwale, naye pia aliyeinukia katika yunioni ya makuli wa Mombasa. Naye pia aliingia Bunge. Katika makatibu wakuu watatu wa mwanzo wa COTU, wawili walitoka bandarini Kilindini. Mwanawe Juma Boy, marehemu Boy Juma Boy, alikuwa mbunge wa Matuga, kisha mwaka 2013 akachaguliwa seneta wa kwanza wa Kwale. Alifariki mwaka 2017. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Sheria za kazi ziliandikwa upya mwaka 2007, na katiba ya 2010 ikaandika wazi kwamba kila mfanyakazi ana haki ya kujiunga na yunioni na kugoma. Lakini ukipita asubuhi kwenye milango ya maghala ya Shimanzi na viwanda vya Changamwe, utawakuta vijana wamesimama wakingojea kuchaguliwa kwa kazi ya siku moja, kama walivyosimama babu zao.

Waliogoma mwaka 1955 na bado wako hai ni wachache sana, wamekaribia miaka tisini au wameipita. Kama nyumbani kwenu yuko mmoja, usiku huu baada ya tarawehe mpelekee kahawa na tende, ukae naye. Muulize alikuwa melini au nchi kavu, namba yake ilikuwa ngapi, na siku ile yule kijana wa Kijaluo aliposimama kusema, yeye alikuwa amekaa wapi.